Mzee Mwenzako Anatoka Mezani

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, mratibu wetu wa mawasiliano ya dharura anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Nimeombwa niandike haya kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, na yasomwe pia siku ya kumuaga. Wapo humu ofisini wenye kalamu nzuri kuliko yangu, ila wote walisema wamechoka. Hata mimi nimechoka. Ofisi nzima imechoka tangu mvua zile, na yeye amechoka kutushinda sote. Ndiyo maana anakwenda, na anakwenda kwa haki yake, asije mtu akamshika shati.

Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, sote tunamwita Mzee Mwenzako. Hata shemeji yetu, mkewe, akipiga simu huuliza kama Mzee Mwenzako amekula. Jina alilipata kwa swali lake. Ukimjia mbio na habari, pumzi juu juu, hakuulizi kumetokea nini. Anakuuliza, "Na mwenzako anasemaje?" Daktari akija na kuhara, ataulizwa wa maji anasemaje. Wa maji akija na bomba lililopasuka, ataulizwa wa afya anasemaje. Siku moja mkuu wa zimamoto alipiga simu kwamba bohari la pamba linawaka, akaulizwa mwenzake wa umeme anasemaje, naye akajibu kwamba kwa sasa anayesema ni moto. Simu ikakatika. Baadaye wakacheka, lakini wa umeme alikuwa ameshapigiwa.

Kwa wageni wasioijua kazi yenyewe, niieleze. Mji ukipatwa na jambo, maji yakipanda, ugonjwa ukiingia, moto ukiwaka penye mapipa ya dawa, zipo ofisi tano zinazojua kitu. Hali ya hewa wanajua mvua. Idara ya maji wanajua bwawa na mabomba. Afya wanajua miili ya watu. Zimamoto wanajua njia za kutokea. Redio wanajua namna ya kusema ukasikika. Kila ofisi ina mkubwa wake, na kila mkubwa ana kiburi chake, Mungu atusamehe. Kazi ya Mzee Mwenzako ni kuwaketisha hao watano kwenye meza moja mpaka watoe neno moja. Mji una masikio mawili tu, husema, tusiupe midomo mitano. Neno likishapatikana linakwenda redioni, na linakwenda kwenye gari la vipaza sauti, ambako ndiko niliko mimi na koo langu.

Sasa niseme kabisa linalotunyima usingizi, nisije nikalifunika kwa maneno matamu ya sherehe. Meza ile haimo katika sheria yoyote. Hakuna amri inayomlazimu mtu wa maji kumpigia mtu wa afya. Wanakuja kwa kuwa yeye anawaita, na wakichelewa anawafuata mpaka mlangoni, na wakinuna anawasubiri mpaka waishe kununa. Tunaogopa kwamba akitoka yeye, kila mmoja atarudi nyumbani kwake na kufunga mlango, na siku ya shida tutajikuta kule tulikotoka. Nilikuwepo kule tulikotoka. Sitaki kurudi, nina watoto.

Alianza kazi akiwa tarishi, na baiskeli isiyo na breki, akipeleka barua kutoka ofisi hadi ofisi. Wanaomkumbuka enzi hizo wanasema alikuwa mwembamba kama spoki za baiskeli yake. Lakini ndiko alikojifunza mji. Alijua mlango upi unagongwa na upi unasukumwa. Alijua mkubwa yupi husoma barua mwenyewe na yupi huzirundika chini ya birika la chai. Akaenda masomo ya jioni, akawa karani, na alikuwa bado karani mdogo wakati wa kiwanda cha rangi.

Wengi wenu mlikuwa hamjaajiriwa, kwa hiyo nisimulie. Tangi la kiwanda cha rangi lilipasuka, likamwagika mtoni, na bomba letu wakati ule lilichota mto huo huo. Idara ya maji wakatangaza asubuhi: msitumie maji ya bomba. Walisema kweli. Huku hospitalini wagonjwa wa tumbo walikuwa wameanza kuingia, na hakuna aliyewaambia madaktari habari ya tangi. Wakadhani ni ugonjwa wa tumbo wa kawaida, nao wakapeleka tangazo lao redioni: chemsheni maji ya kunywa. Kwa walichokijua, nao walisema kweli. Redio ikasoma yote mawili, moja baada ya jingine, katikati muziki.

Sisi wa majumbani tukayajumlisha. Bomba limekatazwa, na maji ni ya kuchemsha. Basi tukabeba ndoo tukaenda mtoni, tukachota, tukawasha majiko. Tulichemsha sumu kwa uangalifu mkubwa, na aliyekuwa msafi zaidi ndiye aliyechemsha nyingi zaidi. Wodi zilijaa mpaka koridoni. Si wote waliolala kule waliorudi nyumbani.

Kikao cha uchunguzi kilipofika, kila ofisi ilikuja na tangazo lake mkononi, na kila tangazo lilikuwa sahihi. Walikaa pale wakioneshana ukweli wao siku nzima. Mzee Mwenzako alikuwa ameitwa kupanga viti tu. Wanasema alipomaliza kupanga alibaki amesimama nyuma anawatazama, na walipotoka aliwaomba, karani mdogo vile, waje kesho yake wanywe chai. Ukumbi ulikuwa na ufunguo na ufunguo ulikuwa na mwenyewe, naye hakuutoa. Basi aling'oa mlango wa stoo, akaulaza juu ya madawati mawili, akatandika gazeti. Hiyo ndiyo meza. Leo tuna meza ya mbao nzuri, lakini wazee wa humu wakisema "mlango" ujue wanaisema meza.

Mwanzoni walikuja kwa ajili ya chai na wakaondoka wamegombana. Hali ya hewa alikuwa hamsalimii wa maji kwa ajili ya neno la miaka mingi iliyopita. Mzee Mwenzako akawatungia utaratibu ambao tunao mpaka leo. Hakuna anayesoma taarifa yake mwenyewe. Wewe unasema, halafu jirani yako anairudisha kwa maneno ambayo angemwambia mama mkwe wake. Kwa nini mama mkwe? Kwa sababu mbele ya mama mkwe mtu hathubutu kujitapa wala kusema ovyo, na hawezi kuondoka kabla hajaeleweka.

Nilikuwepo siku injinia wa bwawa, dada mmoja aliyetoka chuoni karibuni, aliposema kwamba kiwango cha mtiririko kimevuka ukomo wa usalama wa muundo. Zamu ya kurudisha ilikuwa ya daktari. Daktari akakohoa, akaweka mikono magotini kama yuko ukweni kweli.

"Mama," akasema, "bwawa limeshiba."

"Halijashiba," akasema injinia, "linatapika."

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo, shemeji. Huyu mama angenipokonya mke."

Likaandikwa: bwawa limejaa, maji yanamwagika juu ya tuta. Nililisoma mitaani na hakuna aliyeniuliza maana yake.

Nisiwadanganye kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Chini ya bwawa kuna mtaa, mnaujua, tunauita bondeni, na bondeni ndiko alikokuwa akiishi mama yake mzazi, katika nyumba aliyomzalia. Mwanawe alimwomba miaka nenda rudi ahamie kwake. Bibi alisema hawezi kuzeeka katika jiko ambalo sufuria zake hazimjui. Kwa hiyo kila mvua ikinyesha, Mzee Mwenzako alikuwa na bwawa kichwani na mama chini ya bwawa. Na sheria ya meza, aliyoiweka mwenyewe, ni kwamba hakuna anayepiga simu nyumbani kwake kabla tangazo halijatoka kwa wote. Mimi ni mama, nawaambia sheria hiyo ni chungu. Nimewahi kuketi na simu nimeikalia.

Tuliwatoa watu wa bondeni mara ya kwanza. Tangazo lilisema maji yanakuja, ondokeni. Wakapanda shuleni juu, wakalowa, maji hayakuja. Mwaka uliofuata tukawatoa tena kwa maneno yale yale. Wakalowa, maji hayakuja, na waliporudi walikuta milango imevunjwa na kuku hawapo.

Mezani wengi walisema tukae kimya, watu watasahau. Mzee Mwenzako akasema hapana, twendeni tukasemwe. Ndivyo ilivyoanza siku ya kusemwa, ambayo sijasikia ofisi nyingine yoyote inayo. Walikwenda wote watano kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na mimi nyuma yao, kwa kuwa sauti iliyowatoa watu ilikuwa yangu. Hawakwenda kujitetea. Walikwenda, wakaketi walipoonyeshwa, wakasemwa.

Mkuu wa zimamoto, mtu mkubwa vile na mabuti yale, aliketi kwenye kigoda akielezwa habari za kuku mmoja mwekundu. Mwenye kuku alimtaja kwa sifa zake zote kama anayemsomea marehemu wasifu. Mtangazaji wa redio alitazamwa juu mpaka chini akaambiwa, "Kumbe ndiye wewe? Kwa sauti ile nilidhani una kimo." Dada wa hali ya hewa aliulizwa kama mvua huwa anaiona kwa macho au anaambiwa.

Kwa mama yake Mzee Mwenzako tulifika tumeshachoka. Bibi aliwakaribisha wale watano ndani, akamwambia mwanawe, "Wewe keti mlangoni." Halafu akasema, kwa utulivu kabisa:

"Mara ya kwanza nilikimbia viatu mkononi. Mara ya pili nikabebwa mgongoni kama gunia. Ya tatu mtanikuta kitandani."

"Tumesikia, mama," akasema Mzee Mwenzako.

"Sikuuliza kama mmesikia. Nimesema mtanikuta kitandani."

Njiani kurudi aligeuka mara tatu kuitazama nyumba ile. Mwenye mama mkaidi anajua kugeuka kule.

Halafu zikaja mvua zile, mnazikumbuka, zilizopiga mabati mpaka watu wakawa wanazungumza kwa mikono. Injinia wa bwawa akarudi kutoka kwenye tuta, matope mpaka kiunoni, akasema kuna ufa. Wakaketi. Mkurugenzi alikuwa kwenye simu ya mezani, sauti yake inasikika kwa wote. Alitaka moja kati ya mawili: ama tuseme hakuna hatari, ama tuseme maji yanakuja. Mzee Mwenzako akazunguka meza kama kawaida. Hali ya hewa akasema mvua itakwenda mpaka jioni, zaidi ya hapo haoni. Zimamoto akasema njia ya shuleni bado inapitika lakini si kwa muda mrefu. Injinia alipofikiwa akainamisha kichwa.

"Sijui," akasema. "Linaweza kushika. Linaweza kuachia. Nimelitazama kwa macho yangu na sijui."

"Wewe ungelala kule leo?" akamuuliza Mzee Mwenzako.

"Nisingelala."

"Basi tuandike hivyo."

Mkurugenzi akauliza kwenye simu ofisi isiyojua inalipwa kwa kazi gani, akasema tutaonekana wajinga mji mzima.

"Mheshimiwa," akasema Mzee Mwenzako, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutolala, "wajinga tulionekana tulipojua."

Mkurugenzi akasema sawa, ila tangazo hilo litoke kwa jina la mratibu peke yake, na lawama zitakuwa zake peke yake. Mzee Mwenzako akasema sawa. Ndipo daktari akasema, andika na afya. Injinia akasema, andika na maji, si ufa wangu? Zimamoto akapiga meza kwa kiganja, ikaeleweka. Hali ya hewa na redio wakafuata. Kwa haki ya mkurugenzi niseme kwamba kabla simu haijakatika naye alisema liandikwe na jina la halmashauri.

Lilikuwa tangazo fupi. Nalikumbuka kwa moyo, na watoto wangu wanalijua kwa kuwa huwa naliota kwa sauti. Tuta la bwawa lina ufa. Hatujui kama litashika au litaachia. Mara mbili tuliwatoa na maji hayakuja, tunajua tuliwachosha. Leo sisi wenyewe tusingelala bondeni. Twendeni shuleni, juu, sasa hivi wakati njia inapitika.

Nilipoanza kulisoma bondeni watu walisimama milangoni na mikono kifuani. Sikuona aliyeondoka. Nikazunguka tena, koo linawaka, dereva wangu anasoma dua. Halafu mama mmoja akamwambia jirani yake, nikamsikia kwa masikio yangu, "Umesikia? Wanasema hawajui. Basi leo kuna jambo." Akaingia ndani akatoka na mtoto mgongoni na beseni kichwani. Yule jirani akafuata. Halafu mtaa wote ukaanza kutoka, wengine wakitutukana huku wanatembea, nasi tukashukuru kwa kila tusi lililokuwa linatembea.

Habari zikafika mezani kwamba mama yake Mzee Mwenzako yuko kitandani kama alivyoahidi. Waliokuwepo wameniambia alichofanya. Alikuwa anamimina chai, akaendelea kumimina mpaka ikamwagika kwenye sahani na juu ya meza. Hospitali walikuwa kwenye simu moja, shule kwenye simu nyingine, na hakuna mwingine aliyezishika zote mbili kichwani. Akasema tu, "Mwambieni tangazo ni lile lile," akarudi kwenye simu.

Injinia akavaa koti la mvua. Hakuna aliyemtuma. Mkuu wa zimamoto akamfuata na lori lake. Mimi nilikuwa nimeegesha mwisho wa uchochoro, nikashuka nao, maana mwanamke mzee huwezi kumwachia injinia na mwanajeshi wa moto.

Bibi alikuwa amelala chali, amejifunika mpaka kidevuni, amefumba macho, viatu vimepangwa vizuri chini.

"Mwanangu yuko wapi?" akauliza bila kuyafumbua.

"Yuko mezani, bibi," akasema injinia, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Hawezi kutoka."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye wa bwawa."

"Ahaa. Haya, mwenye bwawa, linapasuka au halipasuki?"

"Sijui, bibi."

"Na yeye anasema nini?"

"Naye hajui."

Bibi akafumbua macho, akamtazama. Maji ya mvua yalikuwa yanamchuruzika yule binti kutoka kwenye nywele mpaka kwenye shuka lake.

"Mara mbili alijua," akasema bibi. Akaketi, akatafuta viatu kwa miguu. "Nishikie mkoba. Na huyo wa mabuti asinibebe. Nitatembea."

Akatembea. Tulimshika mikono huku na huku, anatusema njia nzima kwa sababu tunakwenda upesi, halafu anatusema kwa sababu tunakwenda polepole.

Tuta liliachia kabla ya jioni, watu wakiwa kwenye foleni ya chai uwanjani mwa shule. Kwanza tulisikia kama lori kubwa linapanda mlima. Halafu bondeni pakawa hapana mitaa, pana paa tu. Nyumba nyingi zilikwenda. Ndani hamkuwa na mtu hata mmoja. Nimeandika sentensi hiyo na imebidi niweke kalamu chini kidogo.

Mzee Mwenzako alifika shuleni mwisho wa wote, simu zilipotulia. Tulidhani atamkumbatia mama yake. Bibi alimtangulia.

"Mbona hamkusema tupandishe magodoro juu?"

"Tulisahau, mama."

"Mlisahau. Watu watano."

Daktari alikuwa karibu, akasema, "Magodoro, tumepokea, mama," na siku ya kusemwa iliyofuata, kwa maana tulikwenda hata safari hiyo, bondeni nzima ilitusema habari ya magodoro. Tangu hapo tangazo letu la maji lina maneno ya mwisho: kama muda upo, pandisha godoro juu ya meza. Wataalamu wa miji mingine waliokuja kujifunza kwetu wamelinakili neno kwa neno. Wametupa na cheti, kipo koridoni, kimekaa upande, mtu akipita na ngazi akinyooshe.

Hayo ndiyo mafanikio, lakini mvua zile zilitumaliza, tusidanganyane. Mtangazaji wa redio sauti yake haijarudi yote. Injinia huacha kuzungumza mabati yakianza kulia. Mimi nikisikia radi naenda kuhesabu watoto, na wengine wameshaota ndevu. Na Mzee Mwenzako alianza kulala kwenye vikao macho yakiwa wazi. Presha ikapanda, magoti yakakataa ngazi. Alizoea chai ya sukari nyingi na daktari amemkataza, ila namjua, akifika kwa watu hukubali sukari kwa adabu. Shemeji, usimwache peke yake kwenye sherehe.

Miezi hii ya mwisho alituudhi. Tulitegemea atachagua mtu, amfundishe, amkabidhi kiti. Hakuchagua mtu. Akaanza kukataa kupiga simu. Wa maji akija kumwomba awasiliane na afya, anajibiwa, "Namba yake unayo, mpigie mwenyewe." Zimamoto akitaka kujua upepo, "Mpigie mwenyewe." Daktari alisema mzee amelewa pensheni kabla hajaipata. Injinia alilia chooni, nilimkuta. Wakanuna, wakapigiana simu kwa kununa. Mimi nilikuwa nalala na wasiwasi, najiuliza mbona anatuachia hivi, kama mama anayemwachisha mtoto ziwa na kiangazi kikali.

Wiki mbili zilizopita bohari la matairi likashika moto, katikati ya asubuhi. Moshi mweusi, mzito, unashuka badala ya kupanda. Mzee Mwenzako alikuwa kliniki, siku yake ya kupimwa presha. Nilikimbia kwenye chumba cha meza nikijua nitakuta kiti kitupu na kelele. Kiti kilikuwa kitupu. Watano wote walikuwa wameshaketi. Nikauliza ni nani aliyewaita. Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amempigia mwingine, na njiani walikuwa wamekutana. Chai hawakuwa wamemimina. Tangazo nilikabidhiwa kabla sijarudisha pumzi, nikaenda nalo.

Yaliyotokea kliniki ametusimulia muuguzi wa pale. Mzee Mwenzako alikuwa kwenye foleni, benchi la mbele, amebakiza mtu mmoja. Redio ya ukutani ikasoma: moshi wa matairi unaelekea upande wa soko, fungeni madirisha, watoto na wenye pumu wabaki ndani, hakuna haja ya kukimbia, maji ya bomba ni salama. Watu wakaanza kunong'ona. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto akamgeukia yeye kwa kuwa ndiye mzee kuliko wote pale, akamuuliza kama ni kweli.

Mzee Mwenzako alitoa simu mfukoni. Muuguzi anasema aliitazama kwa muda, kidole juu yake, kisha akairudisha.

"Si umesikia," akamwambia yule mama. "Wamesema tufunge madirisha."

Akainuka na magoti yake yale, akavuka chumba polepole, akafunga dirisha lililokuwa wazi, akalibana na komeo. Aliporudi benchi lilikuwa limejaa. Akaenda kukaa mwisho wa foleni, akaegemeza kichwa ukutani, akalala usingizi wa kweli, na macho safari hii yalikuwa yamefumba. Alipoitwa jina hakusikia, ikabidi muuguzi amtikise bega.

Basi na sisi tumwachie alale. Tunamshukuru kwa kutuketisha tulipokuwa hatutaki kuketi. Tunamshukuru shemeji kwa mtu tuliyekuwa tunamrudisha akiwa amebaki nusu, na bibi, ambaye sasa anaishi kwa mwanawe na tunasikia sufuria zimeanza kumzoea, kwa kutusema bila kutuchoka. Mzee, Ijumaa uje umevaa sweta, ukumbini kuna baridi. Tunakutakia mvua za kiasi, miguu yenye nguvu, na miaka mingi ya kukaa nyumbani ukisikiliza matangazo kama mtu mwingine yeyote.